Tulipoambiwa Tuswali Majumbani



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mwenye kuteremsha maradhi na Mwenye kuteremsha dawa yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Twaandika maneno haya katika siku za mwisho za Shaaban, mwaka 1441, na mwezi wa Ramadhani umebakisha siku chache kuandama. Kwa desturi, makala ya wiki kama hii yangekuwa ya kuwakumbusha dada zetu kulipa siku wanazodaiwa za mwaka jana, na kuwakumbusha wenye mali kuhesabu zaka zao. Mwaka huu wasomaji wetu, hasa akina mama, wametupigia simu kwa maswali mengine. Tarawehe itakuwaje? Maiti wetu watakoshwa? Nimwache mume wangu aende kumtazama mamake, au nimzuie? Hatukuona vyema kujibu kama mtu aliye nje ya jambo. Nasi tumo katika nyumba kama zenu, na wasiwasi ni ule ule. Kwa hivyo tutaeleza kwanza yaliyotufika, kisha tutasema tunayoyaona.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi ndipo Waziri wa Afya, Bw. Mutahi Kagwe, alipotangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Kenya. Kabla ya hapo yalikuwa maradhi ya Wuhan, kisha ya Iran na Italia. Hapa kwetu pwani wako waliosema kuwa joto la Mombasa litayaua, na wako waliosema kuwa ni adhabu ya watu wengine, wala sisi hatuhusiki. Ishara ilikuwa imetufikia mapema, lau tungeitazama: tangu mwishoni mwa Februari Saudi Arabia ilikuwa imesimamisha Umra, na watu waliojiwekea akiba mwaka mzima ili wafunge Ramadhani Makka wakabaki na pasi zao mikononi.

Mambo yakaenda mbio. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe, na vyuo vyetu vya Qur'ani vikafungwa pamoja nazo. Ijumaa iliyofuata tuliswali msikitini, ndoo ya maji na sabuni zikiwa mlangoni, na watu baada ya salamu wakitazamana wasijue waipeleke wapi mikono yao. Jumapili ya tarehe 22 ikatangazwa kuwa mikusanyiko yote ya ibada imesitishwa. Tarehe 27 Machi ikatupitia Ijumaa ya kwanza bila ya Swala ya Ijumaa. Tulioga, tukavaa kanzu kwa mazoea, tukatia mafuta mazuri, kisha tukaswali Adhuhuri rakaa nne ukumbini na watu wa nyumbani. Jioni yake ndiyo kafyu ilipoanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na sote tuliziona picha za Kivuko cha Likoni: watu waliotoka makazini wakipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi kabla hata ya saa yenyewe kufika. Usiku ule mji ulinyamaza. Tumeishi Mombasa zaidi ya miaka 50, na hatujapata kusikia kimya kama kile baina ya Magharibi na Isha.

Muadhini wetu huadhini bado, peke yake, na ndani ya adhana huwaambia watu waswali majumbani kwao. Vijana wamelistaajabia jambo hili na wengine wameliita uzushi. Si uzushi. Ibn Abbas (R.A.) alimwamuru muadhini wake afanye hivyo siku ya mvua na matope, na watu walipolishangaa akawaambia kwamba aliyekuwa bora kuliko yeye alilifanya kabla yake, yaani Mtume (S.A.W.). Ikiwa matope yalitosha kuwa udhuru, basi maradhi yanayopita kutoka pumzi hadi pumzi yana haki zaidi.

Twajua pia Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba tukisikia tauni imeingia katika nchi tusiiendee, na ikitokea katika nchi tuliyomo tusitoke kwa kuikimbia. Hadithi hii tumeisomesha mara nyingi, na kuisomesha ni jambo jepesi. Ilikuja kuwa nzito nyumbani kwetu juma la pili la Aprili.

Binti yetu ameolewa Malindi, na mimba yake ya kwanza yakaribia kuzaa. Desturi yetu mwaijua: msichana huja kujifungulia kwao, akalelewa na mamake arubaini nzima, akakandwa kwa maji moto, akapewa uji wa pilipili manga, na nyumba ikanukia udi. Chumba kilikuwa tayari tangu Rajab. Tarehe 6 Aprili Rais alitangaza kwamba Mombasa, Kilifi na Kwale zitafungwa, pasiwe na kuingia wala kutoka kwa siku 21, kuanzia saa moja jioni ya tarehe 8. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

"Tukodi gari tumlete," alisema mamake. "Njia bado iko wazi."

Tulilitazama jambo hilo usiku mzima. Kwa upande wa fiqhi halikuwa haramu ya wazi, kwani wanavyuoni wamesema kilichokatazwa ni kutoka kwa kukimbia maradhi, si kutoka kwa haja nyingine. Lakini tulijiuliza tunamtoa wapi na tunamleta wapi. Mombasa ilikuwa na wagonjwa. Nyumbani kwetu huingia watu wa kila namna wenye maswali na mashauri, na hata sasa, tukisema wasije, wako wanaobisha hodi. Kliniki inayomwangalia iko kule, kadi yake iko kule. Tulimpigia simu mumewe, tukampigia mkwe wetu mwanamke, kisha tukakubaliana abaki. Mama mkwe wake ndiye atakayemlea. Mamake aliikubali shauri hiyo, akaenda kufunga furushi: kanga, pilipili manga, udi, nguo za mtoto. Furushi likaondoka na matatu ya mwisho mwisho, mtu hakuondoka. Tulipomkumbusha ile Hadithi ili tumliwaze, alitujibu, "Hadithi naijua. Lakini haikukataza mama kulia."

Tumelitaja hili kwa sababu twadhani liko katika nyumba nyingi zinazosoma makala haya. Wako wenye wazee Lamu, wako wenye watoto Nairobi ambako nako kumefungwa, wako wenye waume baharini na Ghuba wasiojua watarudi lini. Msidhani machozi yenu ni upungufu wa imani. Mtume (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na hakuna aliyekuwa na imani zaidi yake. Imani ni ule uamuzi uliofanywa huku macho yana maji.

Mama yetu mzazi ana miaka 80 na ushei, anakaa Mji wa Kale pamoja na dada yetu. Tangu utotoni hatukupata kuingia kwake bila kuubusu mkono wake. Sasa twenda mara moja kwa juma, twasimama barazani na barakoa usoni, naye hukaa ndani, hatua kadhaa kutoka mlangoni. Mara ya kwanza alinyoosha mkono, nasi tukabaki tumesimama.

"Mwanangu," akauliza, "nina nini mimi hata hunipi mkono?"

"Huna kitu, mamangu. Anayeogopewa ni mimi nitokaye nje."

Alifikiri kidogo, akauvuta mkono wake ndani ya leso. "Basi niombee huko huko ulipo, nami nitakuombea hapa." Tangu siku hiyo hajauliza tena, na sisi hatujazoea.

Wako ndugu wanaotulaumu. Husema: nyinyi masheikh mmewaogopa madaktari kuliko Mungu, baba zetu walipopatwa na mashaka walijaa misikitini wakasoma Kunuti na Badri, sasa nyinyi mwafunga milango. Maneno haya hayatoki kwa watu wabaya. Yatoka kwa watu ambao msikiti ndio faraja yao ya pekee, na yastahiki jawabu.

Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, yule aliyeisherehesha Sahihi ya Bukhari, aliandika kitabu kizima juu ya tauni. Hakukiandika kwa nadharia tu, kwani mabinti zake walikufa kwa maradhi hayo. Ameeleza kwamba mwaka 833 Hijria, sawa na 1430, tauni ilipoingia Cairo, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika 40. Watu wakafunga siku tatu, kisha wakatoka kwa wingi hadi jangwani, kama watokavyo kwa Swala ya kuomba mvua, wakaswali na kuomba pamoja. Mwezi haukwisha, na wanaokufa kwa siku wakapindukia 1,000. Hakuna awezaye kusema kuwa watu wale hawakuwa na imani, wala kuwa dua ilikuwa kosa. Dua ni silaha ya muumini. Lakini Mola wetu huisikia dua ya mtu mmoja aliye pembeni mwa kitanda chake sawasawa na dua ya umati, na umati ndio njia ya maradhi haya.

Na Sayyidna Umar (R.A.), alipofika Sargh akiwa njiani kwenda Sham na akapata habari ya tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza ikiwa anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Alimjibu kuwa ndiyo, waikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kufunga mlango nako ni kadari. Kunawa mikono ni kadari, ingawa tunajua dhiki ya dada zetu wanaoambiwa wanawe kila mara ilhali mfereji haujatoa maji kwa siku nyingi na kila mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa mwenye mkokoteni. Mwenye kisima au tangi na asaidie jirani. Hiyo ni sadaka ya wakati huu.

Sasa twarudi kwenye swali lililotuhangaisha zaidi ya yote. Juma lililopita mama mmoja alitupigia simu, akisema kwa sauti ya chini kama anayeficha.

"Sheikh, baba watoto hajui kuswalisha. Hajasema, lakini namjua. Isha ikifika hujishughulisha na simu yake. Kijana wetu wa miaka 11 amehifadhi juzuu mbili. Ramadhani hiyo yaingia. Nifanye nini nisimvunjie heshima mume wangu?"

Tulinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, kwa kuwa swali lake lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Bwana huyo si mtu muovu. Twaamini ni katika wale walioswali safu za mbele miaka mingi, wakaitikia amin nyuma ya maimamu wema, na haikupata kumlazimu kusoma kwa sauti mbele ya yeyote. Msikiti ulimchukulia mzigo huo. Chuo kilimchukulia mzigo wa kumfundisha mwanawe. Sasa vyote viwili vimefungwa, naye yuko nyumbani, anatazamwa na mkewe na watoto. Twadhani aibu kama hiyo iko katika nyumba nyingi za mji huu, na ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko maradhi yenyewe: kwamba Ramadhani itaingia na itatoka, na katika nyumba ya Waislamu isisikike hata rakaa mbili za jamaa, kwa sababu baba anaona haya na mama anaogopa kusema.

Jawabu tulilompa ni hili. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, kijana aliyefikia umri wa kupambanua, ingawa hajabaleghe, akijua Fatiha na nguzo za Swala, uimamu wake unaswihi. Amr bin Salama (R.A.) aliwaswalisha watu wa kabila lake naye ni mtoto wa miaka sita au saba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na Qur'ani zaidi yao. Kwa hivyo kijana na aswalishe. Mama asiseme, "Baba yako hawezi." Amwambie mumewe, "Chuo kimefungwa, mtoto atasahau hifdhi yake. Tumsimamishe mbele kila usiku, nawe umsikilize." Baba atasimama nyuma ya mwanawe kama mwenye kumlea. Na mchana, wakiwa wawili, mtoto na baba wazipitie sura fupi pamoja, hadi baba naye apate ujasiri wa kusimama mbele usiku mmoja, kisha wa pili.

Pasipokuwa na mwanamume wala kijana, mwanamke aweza kuwaswalisha wanawake wenzake, akisimama katikati ya safu wala si mbele yao, kama ilivyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama (R.A.). Asiyehifadhi aweza kusoma ndani ya msahafu katika tarawehe. Dhakwan, mtumwa aliyeachwa huru na Bibi Aisha, alimswalisha bibi huyo akisoma msahafuni. Mume akiswali na mkewe, mke husimama nyuma yake. Wakiwapo watoto wa kiume, husimama nyuma ya imamu na mama nyuma yao. Siku ya Ijumaa mtaswali Adhuhuri. Na msihuzunike mkadhani tarawehe ya nyumbani ni pungufu. Mtume (S.A.W.) aliwaswalisha watu usiku chache tu, kisha akabaki nyumbani kwa kuchelea isije ikafaradhishwa juu yao, ni Sayyidna Umar aliyekuja kuwakusanya watu nyuma ya Ubayy bin Kaab.

Simu nyingine hazikuwa za fiqhi. Watalii hawaji tena, hoteli zimewaachisha watu kazi, vibarua vimekatika, na wanaume waliozoea kurudi baada ya Isha wako nyumbani tangu asubuhi. Dada zetu wametueleza habari za ukali, za matusi mbele ya watoto, na nyingine tusizoweza kuziandika hapa. Twawaambia ndugu zetu wanaume waziwazi: aliyekosa riziki hakukoseshwa na mkewe. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa Swala hutoka kwenda kuswali. Wewe mwaka huu huna pa kutoka kwenda. Basi chota maji, menya viazi, mshike mtoto mama apate kusoma juzuu yake. Ramadhani zote zilizopita yeye alikuwa jikoni wakati wewe uko katika tarawehe. Na dada anayepigwa asinyamaze kwa kudhani kuwa subira ndiyo hiyo. Aite wazee wake, amwite sheikh wake, na akihofia nafsi yake atoke kwenda mahali pa salama. Kujiokoa na madhara hakumo katika kutoka kulikokatazwa.

Wako pia waliosahauliwa. Maalimu wa vyuo walikuwa wakiishi kwa ada ndogo za watoto; chuo kikifungwa, chungu chake nacho hakipandi jikoni. Mama aliyekuwa akiuza viazi karai na kaimati baada ya Magharibi, kafyu imemkuta mtaji uko kwenye karai. Katika siku hizi za mwaka 2020, kutuma pesa kwa M-Pesa hakutozwi ada kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Hiyo ni milango ya heri iliyo mfukoni mwako. Mtumie maalimu wa mwanao ile ada ya mwezi kana kwamba chuo kimefunguliwa, wala usimngoje aombe. Watu wa namna yake hawaombi.

Limebaki swali la maiti, nalo ndilo tunaloulizwa kwa hofu kubwa zaidi. Juma moja baada ya misikiti kufungwa tulimzika jirani yetu aliyekufa kwa maradhi yake ya siku nyingi. Sote mwajua jeneza huendaje mjini kwetu: watu hulipokezana mabegani na kukimbilia thawabu hata ndugu wa maiti asipate nafasi ya kulishika. Safari hii tulikuwa watu wa karibu tu, kama ilivyoamriwa, na walichoka njiani. Lakini alikoshwa, alikafiniwa, aliswaliwa, alizikwa. Hakupungukiwa na haki yake hata moja. Ikiwa yatatufika makubwa zaidi, na kukosha maiti kukawa hatari kwa walio hai, sharia yetu ina tayamamu, na lisilowezekana Mwenyezi Mungu hakumkalifisha mtu. Aliyefiwa na mtu wa mji wa mbali asiweze kufika, amswalie Swala ya ghaibu hapo alipo, kama Mtume alivyomswalia Najashi wa Uhabeshi. Na aliyekaa katika nchi yake wakati wa tauni kwa subira na kutaraji malipo, Mtume ametupa bishara kwamba ana ujira mfano wa shahidi.

Tunawausia basi, kabla mwezi haujaandama, kila nyumba itenge mahali pake pa kuswalia, hata kama ni kona ya chumba kimoja tu mlichonacho. Pafagieni, mtandike mkeka, muweke msahafu, na mkubaliane nani ataadhini na nani ataswalisha. Asiyejua aanze leo na sura tatu. Siku nyingi za Ramadhani hii hatuna ahadi nazo, wala hatujui misikiti itafunguliwa lini. Mahali hapo pa nyumbani hakuna amri itakayopafunga.

Ewe Mola wetu, tuondolee balaa hili. Waponye wagonjwa wetu, wapokee waliotutangulia, walinde wauguzi na madaktari wanaowahudumia. Wasahilishie mama zetu wanaojifungua mbali na mama zao. Wape riziki waliofungiwa milango ya riziki. Tufikishe Ramadhani hali tuko salama, na uzikubali Swala zetu popote tutakapoziswali.

Wabillahi tawfiq.